Jenereta ya Wodi ya Wazazi

Jumatatu saa nne asubuhi mkokoteni wa hospitali uliishusha jenereta mbele ya karakana, na fundi akaanza kama alivyoanza siku zote. Aliweka beseni chini ya injini, akafungua nati ya kumwagia oili, akangoja. Injini ya ukubwa ule ilipaswa kutoa lita moja na ushei. Ilitoa kitu kisichojaza kikombe cha chai, kizito kama lami, kikimetameta kwa unga wa chuma. Fundi alichovya kidole, akasugua kwa kidole gumba, kisha akaandika ubaoni kwa chaki: oili, nusu kikombe.

Watu walimwita Taratibu. Hakuwa mvivu, hakupenda tu kurudia kazi, kwa hiyo kila kazi aliifanya mara moja na kwa muda mrefu. Mkewe, aliyeuza nyuzi na vifungo katika chumba cha mbele cha jengo hilo hilo, alisema hata kumposa kulimchukua miaka miwili, na kwamba alimkubali ili apate kupumzika.

Jenereta hiyo Taratibu aliifahamu. Ilikaa katika kibanda cha mabati nyuma ya hospitali, na kazi yake ilikuwa kupeleka umeme kwenye vyumba viwili tu: chumba cha upasuaji cha wodi ya wazazi na chumba cha watoto njiti. Umeme wa mji ulikatika kila siku saa nane mchana na kurudi saa kumi na mbili jioni. Ijumaa iliyopita, saa tisa kasoro dakika kumi, jenereta ilipiga ukelele kama wa mbao inayopasuliwa, ikasimama. Chumba cha upasuaji hakikuwa na dirisha. Mezani alilala mshonaji mmoja wa mtaa wa nyuma ya soko, mwanamke wa miaka thelathini na moja. Mtoto alikuwa ameshatolewa; damu ilikuwa haijazuiwa. Daktari aliendelea kwa mwanga wa simu ya muuguzi mpaka ikabidi aache. Mshonaji alizikwa Jumamosi. Mtoto wake, msichana wa kilo moja na gramu mia tatu, alibaki katika chumba cha watoto njiti, ambako sasa kila mchana wauguzi walimzungushia chupa za maji ya moto na kuzibadilisha kila baada ya nusu saa.

Saa nane umeme ukakatika. Feni ya karakana ilipomaliza kuzunguka, mshonaji aliingia, akasalimia, akaketi juu ya kreti ya soda karibu na meza ya kazi. Alivaa gauni alilozikwa nalo. Hakulishona yeye, na mara kwa mara aliligeuza pindo lake na kulitazama kwa kuudhika.

Mke wa Taratibu alisikia sauti akatoka dukani. Walikuwa wamejuana miaka mingi. Mshonaji alinunua nyuzi zake zote pale.

"Pole, mdogo wangu," alisema.

"Nimeshapoa, dada."

Mke wa Taratibu alimletea kiti chenye mgongo. Wakazungumza kidogo kuhusu mazishi, nani alikuja na nani alituma tu salamu. Baada ya muda wa kutosha kupita, mke wa Taratibu aliuliza, kwa adabu, juu ya kitambaa chake cha kijani. Mshonaji alisema ameshakikata, kiko katika mfuko wa bluu chini ya cherehani, kimebaki mikono tu. Mama yake mzazi bado yuko pale tangu mazishi; amwambie ampe, asione haya. Kisha akamgeukia fundi.

"Shemeji, itachukua siku ngapi?"

"Sijafungua bado."

"Basi fungua."

Taratibu alifungua. Aliondoa kifuniko cha juu, na harufu iliyotoka ilikuwa ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Mahali ambapo oili ilipaswa kurukia na kulowesha kila kitu palikuwa pakavu, rangi ya kahawa iliyoungua. Roka mbili zinazosukuma valvu zilikuwa zimepata moto mpaka zikawa za bluu na zambarau, kama shingo ya njiwa. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imenata ndani ya bushi yake, kibomba cha chuma kinachoiongoza, haipandi wala haishuki. Akalegeza nati za kichwa cha injini moja moja, zikipishana, robo mzunguko kila moja, ili kichwa kisipinde. Mshonaji aliangalia mikono ya fundi. Aliyazoea mambo ya kufumua; nguo iliyoharibika huwezi kuitengeneza bila kwanza kuifumua, na ukifumua kwa pupa unachana.

Kichwa kilipotoka, pistoni ilionekana imekwama katikati ya silinda. Taratibu alimimina dizeli juu yake, akamwambia mshonaji kwamba hapo hakuna la kufanya mpaka kesho. Mshonaji alisema sawa. Alikaa mpaka saa kumi na mbili, akisikiliza dizeli ikijipenyeza. Taa ilipowaka juu ya meza, kreti ilikuwa tupu, na kile kiti chenye mgongo, ambacho hakukitumia, kilirudishwa dukani.

Jumanne Taratibu aliigonga pistoni kwa kipande cha mbao na nyundo ya mpira. Ilitoka saa sita. Upande wake mmoja ulikuwa umeyeyuka na kujipaka kwenye ukuta wa silinda, na ringi zote tatu zilikuwa zimezama katika mifereji yake na kugandia humo. Ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo mirefu ambayo ukucha uliisikia. Aliujaribu mkono wa pistoni: haukucheza. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilizunguka bila kukwaruza. Sehemu ya chini ya injini ilikuwa imepona, kwa sababu lile tope la nusu kikombe lilikaa chini. Ya juu ndiyo iliyokufa kwa kiu.

Mshonaji alipokuja saa nane, Taratibu alimwonyesha kila kipande na kumweleza. Alimwuliza kama ameshapita hospitali kumwona mtoto. Mshonaji alisema amepita, lakini muuguzi wa mlangoni alimzuia. Kadi yake ya mgonjwa ilikuwa imeshafungwa, na anayeruhusiwa kuingia chumba cha watoto njiti ni mama mwenye kadi iliyo wazi. Muuguzi alikuwa mtu mwema. Alisikitika sana, akaenda kumsomea uzito wa mtoto kupitia dirishani. Kilo moja, mia mbili na themanini.

"Amepungua," alisema mshonaji. "Chupa zinapoa."

Ndipo alipoona waya. Ulikuwa mwembamba, wa njano, unatoka kwenye tumbo la injini, na ulikuwa umekatwa. Ncha zake mbili zilikunjwa, kila moja ikafungwa kwa plasta nyeupe ya vidonda, kwa uangalifu mkubwa, mizunguko mitatu mitatu.

"Hii ni plasta ya hospitali," alisema. "Waya huu ni wa nini?"

Taratibu alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akamweleza kwamba ndani ya injini kuna kifaa kidogo kinachoonja oili. Oili ikishuka chini ya kiasi, kifaa huizima injini kabla haijajiua, na injini haiwaki tena mpaka iongezwe oili. Waya ule ndio uliopeleka habari. Miezi minne nyuma jenereta ilikuwa ikizimika kila baada ya dakika chache, na katibu wa hospitali akamwita. Taratibu alimwambia ugonjwa ni mmoja tu, oili hakuna. Katibu akasema oili imeshaagizwa, inakuja Jumatatu. Fundi aifanye isizimike tu, mengine amwachie yeye katibu.

"Nani aliukata?"

"Mimi."

Nje, mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mnyororo mkavu.

"Ulijua itakuwaje?"

"Nilijua inaweza kuwa."

"Ulipata usingizi?"

Taratibu alifikiri. "Nilipata," alisema.

Mshonaji aliinuka, akaisogeza kreti yake mpaka karibu na mlango, akaketi huko akiangalia barabarani hadi umeme uliporudi. Usiku ule mke wa Taratibu alimpakulia mumewe chakula bila kumwuliza kitu, na Taratibu alielewa kwamba kuta za duka lile ni nyembamba.

Jumatano mshonaji aliirudisha kreti mezani. Alisema jambo moja tu: aandike. Taratibu alikaa na kalamu tangu saa nane hadi saa kumi. Aliandika kurasa mbili: nusu kikombe cha oili, rangi ya roka, hali ya pistoni, waya wa njano, tarehe aliyoukata, maneno ya katibu na maneno yake mwenyewe. Mshonaji alisoma juu ya bega lake na kumsahihisha mahali pawili alipojipunguzia. Alipomaliza akatia sahihi, akavaa shati safi, akaenda hospitali kwa miguu.

Katibu alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimkaribisha kiti, akafungua dirisha ili fundi apate hewa, akasoma kurasa zote mbili bila kuruka mstari.

"Umeandika vizuri, fundi," alisema. "Mwandiko wako unasomeka kuliko wa madaktari wangu wote."

Kisha akamweleza utaratibu. Ripoti ikitaja uzembe, yeye kama katibu hana ruhusa ya kuikalia. Ni lazima iende kwenye bodi. Bodi itakutana baada ya miezi mitatu. Mpaka siku hiyo jenereta ni kielelezo cha ushahidi, na kielelezo hakiguswi, hakifunguliwi, hakitengenezwi. Lakini ripoti ikisema uchakavu wa kawaida, hilo ni jambo la stoo, na stoo inaweza kutoa pistoni, ringi, valvu, bushi na gasketi kesho asubuhi. Uamuzi si wake. Yeye hajawahi kumlazimisha mtu kuandika kitu.

"Na huu waya," aliongeza, akiirudishia karatasi mkunjo wake na kumpa fundi, "kama unavyosema mwenyewe, umekatwa na mkono wako."

Taratibu alirudi karakana saa kumi na moja na kumweleza mshonaji yote, pamoja na dirisha lililofunguliwa. Mshonaji aliuliza miezi mitatu ni siku ngapi, ingawa alijua. Siku hiyo muuguzi alikuwa amemsomea kilo moja, mia mbili na hamsini.

"Andika uchakavu," alisema.

"Na wewe je?"

"Yangu imeshaandikwa, shemeji." Ilikuwa kweli. Cheti chake cha kifo kilisema alitokwa na damu nyingi, na hilo pia lilikuwa kweli.

Taratibu alichukua karatasi mpya. Ripoti ya pili haikufika hata nusu ukurasa. Alipokuwa akitia sahihi alihisi mabega yake yakilegea, na akayachukia kwa kulegea. Mshonaji aliziomba kurasa zile mbili za kwanza. Akazikunja mara nne, akazitia kifuani ndani ya gauni la kuzikiwa, na kwa kuwa alikokuwa akirudi hakuna bodi wala katibu, hakuna aliyezisoma tena.

Vipuri vilifika Alhamisi saa tatu, kama katibu alivyoahidi. Katibu alikuwa mtu wa kutimiza ahadi za namna hiyo. Taratibu aliipeleka silinda kwa mkerezaji wa mtaa wa pili, ikatanuliwa saizi moja kuondoa mikwaruzo, akairudisha na kuiosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, mpaka kitambaa cheupe kilipopita ndani kikatoka cheupe. Akatanua mdomo wa kila ringi mpya kwa tupa, akipima, akipiga tupa tena. Akazivalisha pistoni, akizipishanisha midomo isielekeane.

Shida ikawa bushi za valvu. Bushi mpya lazima iwe nene kidogo kuliko tundu lake, la sivyo haishiki. Ili iingie bila kupasua kichwa cha injini, kichwa hupashwa moto kitanuke na bushi huwekwa kwenye barafu isinyae. Moto Taratibu alikuwa nao. Barafu hakuwa nayo, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na barafu ya friji ya mkewe ilikuwa imeshayeyuka.

Mshonaji alinyoosha mkono. Taratibu alimwekea bushi mbili kiganjani, naye akafumba vidole. Walisubiri kadiri ya kuhesabu mpaka mia mbili. Alipofumbua, bushi zilikuwa zimepiga ukungu mweupe. Taratibu alizichukua kwa koleo, akaziweka juu ya matundu ya kichwa kilichochemka, na zikazama zenyewe, moja kisha ya pili, kwa sauti ndogo kama ya kifungo kinapoingia tunduni.

"Mikono yako ingefaa kazi hii," alisema Taratibu.

"Ilikuwa na kazi yake," alisema mshonaji.

Ijumaa walisaga valvu. Taratibu alipaka unga wa kusagia, akazungusha kijiti kati ya viganja, akafuta, akatazama, akapaka tena, mpaka kila valvu ilipopata ukingo wa kijivu usio na pengo. Akafunga gasketi mpya, akakaza nati za kichwa zikipishana, kwa awamu tatu. Ulipofika wakati wa kuseti nafasi kati ya roka na valvu, vipimo vyake vya bati vilikuwa vimeliwa na kutu. Mshonaji akamwambia achukue sindano dukani, kwani alijua unene wa kila namba kuliko alivyojua tarehe. Ikapatikana namba inayopita kwa kusita. Halafu Taratibu akauunga ule waya wa njano, akauchomea risasi, akaufunika. Mwisho akamimina lita nzima na ushei ya oili mpya, ya karakana yake mwenyewe, ya rangi ya asali. Mshonaji aliitazama ikishuka mpaka tone la mwisho.

Jumamosi jenereta ilirudishwa kibandani. Saa nane umeme ulikatika. Taratibu alivuta kamba mara moja, mara mbili. Mara ya tatu injini ilishika. Aliiacha ikimbie polepole bila mzigo, mkono wake juu ya kifuniko, mpaka aliporidhika na joto lake, ndipo akapandisha swichi. Ndani, taa ya chumba cha watoto njiti iliwaka. Muuguzi alisogeza pazia ili mshonaji, aliyesimama nje kwenye majani, aone kijisanduku cha joto cha mwanawe, cha tatu kutoka mlangoni, kikipata rangi ya chungwa.

Mshonaji hakuiacha tena jenereta. Kila siku umeme ulipokatika, na hapo tu, alikuwa kibandani kabla ya mlinzi. Alivuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena, akasoma. Aliomba daftari, akapewa, akawa anaandika kiwango. Mlinzi alimzoea upesi; alisema ni mtu wa zamu asiyeomba ruhusa. Mama wa mshonaji alikuja na kusimama naye mchana mmoja mmoja, wakizungumza habari za nyumbani kwa sauti ya kushinda injini. Mama alikwenda na zile gramu kichwani kila jioni kama anayekariri namba ya simu: elfu moja mia tatu na ishirini, elfu moja mia nne na kumi.

Katibu alimkuta Jumatano ya wiki ya pili. Alimsalimu, akampa pole. Akamwuliza kama mwandiko ule wa daftarini ni wake, na kama mchana huwa ana shughuli nyingine. Wiki iliyofuata ratiba ya zamu kwenye ubao wa matangazo ilikuwa na mstari mpya: Oili ya jenereta, mchana, marehemu. Kibarua aliyekuwa akilipwa kwa kazi hiyo, na ambaye hakuwahi kuifanya kwa kuwa hakuwahi kupewa oili, aliondolewa. Katika taarifa yake kwa wakubwa katibu aliandika kwamba usimamizi wa jenereta umeimarishwa.

Oili iliendelea kuagizwa, kusainiwa na kutofika. Gari la katibu lilikimbia bila kelele yoyote. Kila Ijumaa Taratibu alipita kibandani na chupa kutoka karakana, akaongeza kilichopungua, akaondoka bila kumwambia mtu. Katibu alijua, akamwandikia barua ya shukrani kwa moyo wa kujitolea. Mke wa Taratibu aliikata barua hiyo vipande akafungia vifungo vya wateja.

Mtoto alivuka kilo mbili siku ambayo, kwa mara ya kwanza mwaka ule, umeme haukukatika. Bibi yake aliruhusiwa kumchukua. Alisimama naye karibu na kibanda tangu saa nane, amemfunika kichwa, akimngoja mama wa mtoto. Taa za hospitali ziliwaka mchana kutwa. Saa kumi na moja upepo ulibadilika, na bibi akaona mtoto atapata baridi. Akaondoka.

Kesho yake umeme ulikatika kama kawaida na mshonaji akaja. Muuguzi alimwambia dirishani: ametoka jana, kilo mbili na gramu hamsini, alinyonya chupa yote. Mshonaji aliuliza kama alifunikwa vizuri. Muuguzi akasema alifunikwa.

Nyumbani kwa bibi hakukuwa na umeme wa kukatika. Nguzo ziliishia barabara kuu, kilomita sita kabla. Mshonaji alilijua hilo, na muuguzi pia alilijua, kwa hiyo hawakulizungumza. Walisimama kidogo, mmoja ndani na mmoja nje.

"Kile kijisanduku cha tatu kina nani sasa?"

"Kaletwa asubuhi," alisema muuguzi. "Kilo moja na mia moja. Mama yake bado hajaamka."

Mshonaji alirudi kibandani. Alivuta kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya chupa ya Taratibu. Aliandika daftarini tarehe, saa, na chini yake: oili iko chini ya alama. Jioni katibu alipita akielekea nyumbani, akasoma, akaandika pembeni Imeonekana, kama alivyoandika Jumatatu na Jumanne, akatia sahihi, akalifunga daftari.